Mchonga Viko wa Safu ya Nyama

Shangazi yangu alikuwa mwanamke pekee katika safu ya nyama, na shoka lake lilikuwa kubwa kuliko la mwanamume yeyote pale. Soko zima lilimwita Mama Shoka. Asubuhi, kabla wauza mboga hawajamaliza kupanga mafungu yao, ungesikia pigo moja, kimya, kisha pigo jingine, na tayari paja la ng'ombe lilikuwa vipande viwili juu ya gogo. Wenzake walikuwa wakipigapiga mfupa kama wanaobisha mlango wa mtu kiziwi, mpaka unamomonyoka na mteja anarudi kulalamika kwamba kavunjika jino. Shangazi alijua pa kupiga. "Kila mfupa una mahali pake pa kusema ndiyo," alikuwa akisema. "Usiulize kwingine."

Hakuwa mtu wa kuchezewa. Siku moja muuza nyama wa meza ya jirani, bwana mnene mwenye maneno mengi, alimpapasa kiunoni mbele ya wateja, kisha akaegemeza mkono kwenye gogo akicheka. Shangazi hata hakugeuka kumtazama. Alishika kisu cha kuchunia akakishusha kati ya vidole vya yule bwana, kikazama kwenye gogo na kubaki kinatikisika.

"Leo nimekosea," akamwambia. "Kesho sitakosea."

Yule bwana alihamishia meza yake mwisho wa safu, karibu na mtaro unaonuka, na hakuwahi kulalamikia harufu.

Mimi nauza vyombo vya plastiki upande wa pili wa soko hilohilo, na yeye ni dada wa baba yangu. Kwa hiyo haya sikusimuliwa. Mengi niliyaona kwa macho yangu, ingawa yapo ambayo ningeomba nisiyaone.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, ua mdogo wa saruji, na kibanda cha mabati kilichoegemezwa ukuta wa nyuma. Ndani ya kibanda palikuwa na meza nzito yenye jiliwa la kubania mbao, keekee ya kutobolea ya kuzungusha kwa mkono, tupa, patasi na vipande vya msasa vilivyochakaa mpaka vikawa laini kama kitambaa. Ukutani alikuwa amepigilia misumari, na kwenye kila msumari kilining'inia kiko. Vilikuwepo vyenye vichwa vya mviringo kama yai na vilivyobanwa kama kengele, na kimoja kilikuwa kimepinda shingo kama bata anayejikuna. Mgeni akiviona alidhani mwenye nyumba ni mvutaji mkubwa. Wapi! Moshi ulimkohoza mpaka machozi. Alichonga viko kama wengine wanavyofuma vitambaa vya meza, ili apumzike tu.

Jinsi alivyoanza si habari ya kupendeza.

Mumewe alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kiume. Shangazi alimlea peke yake, na alimpiga. Simsingizii, mwenyewe alilisema wazi. Mkono uliokuwa ukipasua mifupa tangu alfajiri ulifika nyumbani ukiwa bado unapasua. Mtoto akimwaga maji, kofi. Akichelewa kutoka shule, mkanda. Akijibu, chochote kilichokuwa karibu. Siku moja, mtoto akiwa na miaka kama kumi hivi, aliuacha mlango wazi na paka wa jirani akaingia akala kitoweo. Shangazi aliokota mpini wa ufagio. Alipiga pigo moja tu, na likatua kwenye mtulinga, ule mfupa unaoshika bega. Mtoto hakulia. Alilitazama bega lake lililoshuka ghafla upande mmoja, kama mtu anayetazama shati lililochanika, akasema, "Mama, limetoka."

Hospitalini Shangazi akaeleza kwamba mtoto ameanguka. Muuguzi aliyekuwa akifunga bandeji hakuinua hata kichwa.

"Ameangukia mkono wa nani?"

Muuguzi akamaliza kufunga, akaenda kunawa, akarudi akikausha mikono.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nakata nyama."

"Nimeona. Mikono yako haijui kwamba kazi imeisha. Itafutie kitu cha kufanya, la sivyo safari ijayo utamleta huyu amebebwa."

Ng'ambo ya kichochoro, mlango ukitazamana na wa Shangazi, aliishi seremala aliyetengeneza majeneza. Alikuwa mwembamba kama ubao wake, mdomo mchafu, na kiko hakikumtoka menoni hata akipiga misumari. Alijisifu kwamba yeye ndiye fundi pekee mjini ambaye wateja wake hawajawahi kurudisha kazi. Jioni ile Shangazi alivuka kichochoro akamkuta akichonga kiko kipya kutoka kwenye kizizi cha mpera, kwa kuwa cha zamani kilikuwa kimeungua tundu.

"Nipe na mimi nichonge," Shangazi akasema.

Fundi alicheka mpaka akapaliwa na moshi. "Dada, hili si paja la ng'ombe. Ukilipiga hili utabaki na vijiti vya kuchokolea meno."

"Nipe."

Akampa. Vya kwanza vyote vilipasuka. Alivibana mno kwenye jiliwa, akasukuma keekee kama anayesukuma gari bovu, na mti ukaachana. Fundi aliketi kando akivuta na kumtukana bila kuchoka. Ila alimfundisha. Kizizi lazima kikae kivulini mpaka kikauke chenyewe, kwa sababu ukikiharakisha kwa jua kinafunguka mdomo. Matundu ni mawili: moja pana la kutilia tumbaku, na jingine jembamba la kupitishia moshi, na hilo jembamba lazima litokeze pale chini kabisa ya lile pana. Likitokeza juu, tumbaku ya chini inabaki majimaji. Likipita chini, kiko kimevuja, kitupe. Ndani humo hakuna anayeona. Unazungusha polepole ukisikiliza mlio wa mti, na ukifika karibu mlio unakuwa mwepesi. Mtu mwenye hasira hawezi kuusikia.

Kitu kimoja ndicho alichomshinda mwalimu wake. Fundi alikuwa akitia mirija ya mianzi, ikawa inapasuka kila baada ya muda. Shangazi alikuwa na pembe. Kila siku pembe za ng'ombe zilitupwa jalalani nyuma ya safu ya nyama, akawa anazileta nyumbani, anazichemsha mpaka zinalegea, anakata, anapinda, anatoboa, anasugua. Kibanda kilinuka kwato zilizoungua, lakini mdomo wa kiko ukitoka pale ulikuwa laini na wenye mawingumawingu ya rangi ya asali. Fundi alikitia cha kwanza mdomoni, akakitafuna kidogo, akakosa tusi.

Toka mwaka ule hakumpiga mwanawe tena. Akirudi sokoni alinawa, akala, akaingia kibandani na kuwasha taa, na kwa muda mrefu hukusikia kitu ila sauti ya tupa: kriii, kriii. Mabega yake yalishuka. Wakati mwingine nilimkuta ameshika kiko kilichokwisha, anakizungusha tu kiganjani, macho ameyafumba. Alimgawia yeyote aliyeomba. Asipopata wa kumpa, alivitundika.

Mwanawe alikua akiwa mkimya na mpana. Akaingia kwenye malori, kwanza utingo, baadaye dereva, na wenzake wakamwita Turubai kwa vile mabega yake yalionekana kama mzigo uliofunikwa. Alikuja nyumbani mara chache, akaleta sabuni na sukari, akaondoka. Mtulinga wake ulipona umekaa upande. Akivaa shati ungeliona bega moja liko chini.

Alikuwa ameshapita miaka thelathini alipofukuzwa kazi kwa kumvunja taya mlinzi wa geti. Akarudi kwa mama yake na begi moja na hasira mbili: ile ya waliomfukuza, na ile aliyoondoka nayo zamani.

Mara ya kwanza ilikuwa alasiri. Alikuwa amelala akiwa na pombe kichwani, na Shangazi alikuwa kibandani akilainisha kiko. Turubai akatokea mlangoni.

"Hiyo tupa yako inanipasua kichwa."

"Namalizia, mwanangu. Kidogo tu."

Akampiga kofi lililomtupa juu ya meza. Kiko kikaanguka. Turubai akakikanyaga, kikalia kama karanga, akarudi kulala.

Kesho yake Shangazi alikuja kazini na jicho lililovimba. Akasema nusu ya ng'ombe imeyumba kwenye ndoano ikamgonga. Watu wa safu ya nyama walikubali, kwa sababu mambo hayo hutokea. Mimi nilimletea barafu iliyofungwa kwenye mfuko, na nilipomwekea shavuni nikaona alama za vidole. Ng'ombe hana vidole. Nikamtazama, naye akanitazama, akaniambia, "Nenda kauze ndoo zako."

Ikawa mazoea. Wiki hii mdomo, wiki ile sikio. Safari moja alimsukuma akapiga ubavu kwenye pembe ya jiliwa, na kwa muda alikuwa akiinua shoka kwa kulia chinichini, pigo moja likawa mapigo matatu. Wateja wakaanza kulalamika vipande vya mifupa. Yule bwana mnene wa mwisho wa safu alifurahi waziwazi.

Kisha ikaja siku ya viko. Nilifika pale nikamkuta Turubai amechuchumaa uani mbele ya jiko la mkaa, anaviondoa viko kwenye kikapu kimoja kimoja na kuvitia motoni, taratibu, kama mtu anayechoma mahindi. Mti mkavu uliopakwa nta unaungua vizuri. Pembe zilitoa moshi mweusi wenye uvundo wa nywele. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, mikono mapajani, anatazama.

"Binamu, unafanya nini?" nikamwuliza.

"Napika," akasema. "Mama yangu ana viko vingi kuliko watoto. Napunguza."

Nikasonga nikinyanyue kikapu. Akainuka. Alinitazama mkono, kisha akanitazama shingo, nikajua anachagua. Shangazi akaniita kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Mwanangu, ondoka. Tafadhali."

Siku iliyofuata nilimwendea sokoni, nikamfokea mbele ya nyama yote ile.

"Wewe unayepasua ng'ombe! Wewe uliyempigilia mtu kisu kati ya vidole! Unakaaje unapigwa na mtoto uliyemzaa?"

Alikuwa akifuta shoka. Aliendelea kufuta.

"Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Yule mtoto nilimpiga mpaka majirani wakazoea. Kilichopandwa na mkono wangu kinavunwa na shavu langu. Sasa nikirudisha, nitakuwa nimeanza upya."

"Atakuua."

"Basi Fundi yuko hapo ng'ambo. Hana safari ndefu ya kuleta sanduku."

Alitaka nicheke. Sikucheka. Nilitoka pale moja kwa moja mpaka karakana ya majeneza nikamweleza Fundi kila kitu. Alikuwa mzee sasa, mabega yamechongoka, lakini kiko kilikuwa palepale kwenye kona ya mdomo, kazi ya Shangazi, mrija mrefu wa pembe. Alisikiliza akipuliza moshi. Kisha akalaza randa yake ubavuni, akajifuta vumbi la mbao, akasema, "Yule mshenzi nilimtengenezea kigari cha mbao alipokuwa mtoto," akatoka. Nikamfuata.

Turubai alikuwa uani, kifua wazi, ananyoa ndevu mbele ya kioo kilichotundikwa kwenye msumari. Shangazi alikuwa kibandani, tuliisikia tupa. Shoka lake alilolileta kunoa lilikuwa limeegemea mlango wa jikoni. Fundi hakupiga hodi.

"Wewe kijana," akasema, kiko mdomoni, "unampiga mama yako?"

Turubai alimtazama kupitia kioo. "Mzee, rudi kwenye maiti zako."

"Nimekuuliza swali."

"Na mimi nimekuambia rudi."

"Mwanamume anayempiga mama yake," Fundi akasema, akisogea mpaka wakakaribiana pua kwa pua, "hata jeneza simtengenezei. Namfunga kwenye gunia la—"

Hakumaliza. Turubai aligeuka na ngumi, na ngumi ilikipata kiko. Sijui kama alikusudia. Ule mrija wa pembe uliingia wote mdomoni mwa Fundi, ukapasua kaakaa, kichwa cha kiko kikavunjikia kwenye midomo na kaa la tumbaku likamwagikia shingoni. Fundi alirudi nyuma hatua moja, akakaa chini kwa adabu, kama aliyeonyeshwa kiti, kisha damu ikamtoka mdomoni na puani kwa pamoja. Alijaribu kuuvuta mrija kwa vidole viwili. Mimi nilikuwa napiga kelele; najua kwa sababu baadaye sauti ilinikauka.

Turubai hakuwa amemaliza. Alimpiga teke la kifuani lililomlaza chali, akainua mguu tena juu ya uso wake.

Tupa ilinyamaza. Shangazi akatoka.

Aliona damu. Nimefikiria sana uso wake wa dakika ile, na neno ninalolipata ni kwamba aliamka. Alivuka ua, akalipita lile shoka mlangoni, akaingia jikoni, akatoka na nyundo ya mti aliyokuwa akilainishia nyama ya jioni. Hakukimbia. Turubai alimwona akija, akashusha mguu, akaachama kama anataka kusema "Mama." Shangazi akainama na kumpiga pigo moja kwenye goti, kwa upande, pale ambapo kwa ng'ombe huwa anatenganisha paja na mguu. Nilisikia mlio. Turubai alianguka kama mzigo uliokatwa kamba.

Hapo yangekwisha. Lakini akainua nyundo tena, na huku mwanawe akijiburuta nyuma kwa viwiko, akampiga mkono wa kulia, juu ya kifundo. Pigo la kwanza lilikuwa la kumwokoa Fundi. Hili la pili lilikuwa lake mwenyewe, na alilijua. Alisimama pale akihema, nyundo imeinuliwa kwa mara ya tatu. Turubai alikuwa amejikunja na kufunika kichwa kwa mkono uliobaki mzima, kama mtoto.

"Mama, basi," akasema. "Basi, Mama. Basi."

Nyundo ilidondoka kwenye saruji.

Nilikimbia kutafuta mkokoteni. Mwenye mkokoteni alikuwa ametoka kupeleka viazi, akasema hana nafasi ya kwenda na kurudi mara mbili, kwa hiyo tuliwalaza wote wawili pamoja, mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Tulipita sokoni katikati. Fundi alikuwa amebanwa kitambaa mdomoni na hakuweza kusema, ila alimtazama Turubai, aliyekuwa akilia kwa maumivu, kisha akanyoosha kidole na kumgusa kwenye goti lile lililovunjika. Turubai akapiga yowe. Fundi akafumba macho ameridhika. Shangazi alisukuma mkokoteni kwa nyuma na hakumsalimu mtu.

Kutoka hospitalini alikwenda mwenyewe polisi. Askari wa kaunta hakuamini.

"Mama, aliyevunjwa ni lile jitu tulilosikia habari zake?"

"Ndiye."

"Na aliyemvunja?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Andika kwamba nilimpiga mara mbili. Ya kwanza iache. Ya pili niulize."

Walimlaza mahabusu siku chache. Kesi haikufika mbali, kwa sababu Turubai alipoulizwa alisema ameanguka. Walimwuliza tena, akasema tena ameanguka. Fundi naye, asiyeweza kusema kwa muda ule, aliandika kwenye karatasi kwamba amejikwaa akiwa na kiko mdomoni. Mkuu wa kituo akasema mtaa ule una sakafu mbaya sana, akamwachia.

Siku aliyotoka nilimsindikiza wodini. Turubai alikuwa amelala, mguu umetundikwa, mkono umefungwa plasta, macho yanatazama dari. Shangazi hakuketi.

"Nilikuvunja ukiwa mtoto," akamwambia. "Hukunikosea kitu, paka ndiye aliyekula. Sijawahi kukuambia samahani. Nakuambia leo."

Turubai aligeuzia uso ukutani.

"Halafu wewe ukanivunja mimi, nikakuacha, nikadhani ndiyo haki. Kumbe nilikuwa nakulea vibaya mara ya pili. Nyumbani kwangu hulali tena. Ukipona utatafuta pako."

Alipofika mlangoni, Turubai akamwita.

"Mama. Ungeniua?"

Shangazi alifikiri. Hakuwa na haraka.

"Shoka lilikuwa karibu kuliko nyundo," akasema, akatoka. Kwenye ngazi za hospitali aliketi ghafla, nikamshika, na hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kilio kibaya, cha kukoroma, watu wakipita wakitupisha.

Fundi alipona akiwa na sauti ya puani na meno machache ya mbele kuliko aliyokuwa nayo. Aliacha tumbaku. "Si kwa ajili ya afya," alikuwa akieleza. "Kwa woga." Turubai alipona akichechemea, na baada ya muda nikasikia amepata kazi ya kupanga vipuri katika ghala la malori, kazi ya kukaa. Alipanga chumba upande wa pili wa mji. Pombe, watu walisema, aliipunguza. Wengine walisema ameiacha. Mimi sikwenda kuchungulia.

Shangazi alirudi kwenye gogo lake, lakini kibandani hakuingia. Miezi ilipita jiliwa likiota kutu. Nilipomwuliza aliniambia akishika tupa anasikia mlio wa goti. Akawa anakaa uani jioni, mikono imelala mapajani kama samaki wawili waliotolewa majini, anaitazama. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya damu. Halafu siku moja nilipita nikasikia kriii, kriii, na nilipochungulia alikuwa na kizizi kwenye jiliwa na jasho likimtoka, uso umekunjwa. "Usiniulize," akasema. "Nimechoka kuitazama hii mikono. Heri ifanye kazi."

Mwaka juzi, Jumapili mchana, hodi ikapigwa getini. Nilikuwa pale namsaidia kuanika nguo. Nikafungua, nikamkuta Turubai kwenye kichochoro, amevaa shati safi, ameegemea fimbo. Kando yake alisimama mwanamke mdogo, mwenye uso mpole, amembeba mtoto mchanga.

"Shikamoo, Mama," Turubai akasema kutoka palepale nje.

Shangazi alitoka kibandani na vumbi la mti kwenye nyusi. Alitazama bega lile lililoshuka, fimbo, mwanamke, kisha mtoto.

"Marahaba. Wewe subiri hapo. Mkwe, ingia."

Turubai akabaki nje ya geti lililo wazi. Mkwe aliingia akatafuta mahali pa kukaa, na kwa kuwa Shangazi hakumwonyesha kiti, akasimama.

"Ni wa kike?"

"Wa kike, Mama."

"Nina swali, na utanijibu mumeo akisikia. Amewahi kukupiga?"

Mkwe akatazama getini, akamtazama mtoto, akarekebisha kitambaa kilichokuwa hakihitaji kurekebishwa.

"Bado, Mama," akasema.

Ng'ambo ya kichochoro tulimsikia Fundi akipiga randa, akaacha. Turubai aliinamisha kichwa juu ya fimbo.

"Usiseme bado," Shangazi akasema. "Bado ni ya mvua. Sema hapana."

"Hapana, Mama. Hajanipiga."

"Siku akikupiga, hata kofi, hata kusukuma, usiende kwanza kwa mama yako. Uje hapa. Umenielewa?" Kisha akainua sauti kuelekea getini. "Na wewe umesikia?"

"Nimesikia, Mama," Turubai akasema.

Shangazi akaenda bombani. Alinawa mikono kwa sabuni, akaisugua mpaka kwenye viwiko, akaisuuza, akanawa tena, akaikausha kwa kanga yake kidole kimoja kimoja. Akarudi, akainyoosha.

"Niwekee wewe," akaniambia mimi. "Taratibu."

Nikamchukua mtoto kwa mkwe, nikamlaza mikononi mwake. Mtoto alikunja uso, akaangalia kule juu kwenye nyusi zenye vumbi, na akaanza kulia kwa nguvu zake zote. Shangazi hakumtikisa wala hakumnyamazisha. Alisimama katikati ya ua amemshika vilevile, akamwacha alie mpaka alipotosheka.